Mwimbaji Aliyewapa Watu Mgongo

Royce Tidmore hakuwa na sauti tamu. Hakuwa na urefu, na hakuwa na ile sura ambayo wasichana huikata gazetini wakaibandika ukutani. Hakuwa na meno mawili ya upande wa kushoto, maana aliyaacha kwenye ngazi za ghala la pamba akiwa mtoto. Hakuwa na gitaa lake mwenyewe mpaka alipoanza kunyoa ndevu, na hata alipolipata hakuwa na subira ya kujifunza kulipiga vizuri. Hakuwa na cheti cha shule, wala mjomba mwenye jina mjini. Mjomba aliyekuwa naye ni mimi, Hobart Sewell, fundi wa mashine katika kiwanda cha soksi. Na juu ya hayo yote, mtu huyu aliyekuja kulipwa kwa kusimama mbele ya maelfu hakuwa na mazoea ya kutazamwa anapoimba.

Hilo la mwisho lilitokana na malezi. Kwetu, juu ya mlima huu wa kaskazini mwa Alabama, watu hawaimbiani. Wanaimba pamoja. Mabenchi ya kanisa hupangwa pande nne yakitazamana: teno mbele ya alto, besi mbele ya soprano, na katikati huachwa nafasi tupu. Anayeongoza wimbo husimama pale katikati, akipunga mkono juu na chini, kisha hukaa na kumpisha mwingine. Anaweza kuwa mzee wa miaka themanini au mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Hakuna piano, hakuna gitaa. Kitabu chetu kina noti zenye maumbo, pembetatu na duara na mraba na almasi, na kabla ya kuimba maneno tunaimba kwanza majina ya noti zenyewe, fa na sol na la, kama watu wanaojaribu daraja kabla ya kupitisha gari. Na hakuna anayekaa pembeni kusikiliza, kwa sababu pembeni hapapo. Mgeni akiingia huulizwa swali moja tu: unaimba sauti gani? Akisema haimbi, huambiwa akae na besi, maana sisi wa besi hatuna majivuno.

Kanisa lenyewe lilijengwa na babu yake Royce kwa mbao alizopasua mwenyewe, na kwa hiyo linaitwa Kanisa la Tidmore. Ukoo mzima uliimba. Dada yangu Maudie, mama yake Royce, alikuwa alto mpaka alipofariki, na binti yake Wynell akarithi nafasi yake. Lakini nguzo ya nyumba ile ilikuwa shemeji yangu Elzie, baba yake Royce, kwa sababu Elzie ndiye aliyekuwa mtoa sauti.

Kazi ya mtoa sauti ni kuamua wimbo uanzie wapi. Kitabu kinasema hivi, lakini kitabu hakijui kama mvua imenyesha, kama watu wamelala vizuri, kama wameshakula, kama kina mama wawili wenye sauti kali wako kwenye harusi kwingine. Elzie alikuwa akikaa benchi la mbele la teno, anakohoa kidogo, anatazama pande zote nne, halafu anatoa sauti moja ndefu kutoka kifuani. Kila upande unachukua ya kwake hapo hapo. Sikumbuki kama aliwahi kukosea katika ujana wake wote. Watu walikuja kutoka Georgia kuimba kwetu kwa sababu yake tu, kwa kuwa kwa Elzie, walisema, koo halichoki.

Royce aliingia kiwandani kwetu akiwa kijana. Mashine mia mbili za soksi zikienda kwa pamoja, mtu hasikii hata mawazo yake. Royce aliimba humo. Aliimba juu ya zile mashine mpaka sauti yake ikawa kama mlango mzito wa ghala, unakwaruza lakini unafunguka wote. Pale ndipo alipokutana na Dub Crowley, kijana mnene aliyekuwa akipakia maboksi na kuyapiga kwa viganja vyake mchana kutwa. Dub akashika ngoma, wakaongeza wapiga gitaa watatu, maana siku hizo bendi za kwetu Kusini hazikuridhika na gitaa moja wala mawili, wakajiita Nyumbu Wekundu.

Usiku wao wa kwanza ulikuwa katika baa moja pembeni mwa Gadsden. Nilikuwapo. Bendi ilipangwa kwenye jukwaa kama bendi zote, na Royce akawekwa mbele. Magitaa yalipoanza, Royce aligeuka. Aliwapa walevi wote mgongo, akamtazama Dub usoni, akaimba wimbo wa kwanza hivyo mwanzo hadi mwisho, na wa pili pia. Hakuwa na aibu wala dharau. Kuimba kwake kulikuwa ni kuwatazama wanaoimba nawe, na hakujua njia nyingine.

Dereva mmoja wa malori alimwita. "We dogo, kwani tumekukosea nini?"

Royce aligeuka akiwa na mshangao wa kweli. "Hamjanikosea kitu, bwana. Naimba na wenzangu."

"Basi na sisi tukutazame wapi? Hiyo suruali yenyewe imechanika."

Baa nzima ilicheka, na Royce akacheka pia, akajaribu kuimba akiwatazama watu. Ikawa balaa. Sauti ilipotea kama mtu aliyeulizwa jina akasahau. Dub ndiye aliyepata dawa. Wiki iliyofuata alizishusha ngoma zake jukwaani, akazipanga katikati ya sakafu, akawapanga wapiga gitaa pande nyingine, Royce akawekwa katikati yao, na watu wakasimama kuwazunguka. Kila mtu aliona uso wa mmoja na mgongo wa mwingine. Royce alizunguka polepole, upande baada ya upande, kama anaongoza wimbo kanisani, na sauti ikarudi.

Hivyo ndivyo walivyopanda. Kutoka Gadsden wakaenda Birmingham, kutoka Birmingham wakaenda Macon kurekodi, na kutoka Macon wakaenda kila mahali penye uwanja. Jalada la sahani yao ya kwanza ya santuri lilikuwa na picha ya mgongo wa Royce ndani ya koti la jinzi. Magazeti yakaandika kwamba jinsi vijana hawa wanavyopandisha sauti zao pamoja, kavu na kali, ni jambo jipya katika muziki wa roki. Mlimani tulisoma hayo tukatabasamu, maana jambo hilo jipya ni la zamani kuliko reli.

Elzie aliisikiliza ile sahani mara moja tu, nyumbani kwa Wynell, kofia ikiwa juu ya goti lake.

"Wameshikana vizuri," akasema. "Lakini wanamwimbia nani?"

"Wanawaimbia watu, Baba," Wynell akajibu. "Watu wananunua."

"Watu wangeimba wenyewe ingekuwa nafuu kwao."

Hakuwa na kinyongo. Alisema vile kama mkulima anayeona mwenzake amepanda mahindi mahali pa viazi. Na Royce naye hakuwa mwana wa kusahau nyumbani. Siku kuu ya kuimba kwetu ni Jumapili ya pili ya Julai, na miaka ya mwanzo alikuja kila mara, na Dub naye, akikaa na sisi besi na kula kuliko sisi sote. Lakini majira ya joto ndiyo msimu wa mavuno kwa bendi. Mwaka mmoja Royce hakuja, akaleta salamu. Mwaka uliofuata hakuja, akaleta paja la nguruwe la kuokwa, kubwa, lenye utepe. Watu walilila na kulisifu. Elzie alikula pia.

Halafu ukaja mwaka ambao Elzie alitoa sauti na kina mama wa soprano wakatazamana. Ilikuwa juu mno. Walijaribu, sauti zikawakatikia njiani. Elzie alisema ni kosa lake, akatoa tena, na mara ya pili ikawa juu zaidi ya ile ya kwanza. Tukaelewa. Usikivu ulikuwa umemtoka, na alikuwa amelificha jambo hilo mwaka mzima kwa kutazama midomo ya watu. Kina mama waliimba hivyo hivyo kwa heshima yake, shingo zimewavimba, kisha wakatoka kwenda kunywa maji.

Baada ya chakula wazee tulikaa. Mabenchi yalikuwa yamepungua kwa muda mrefu. Vijana wameshuka bondeni kwenye viwanda, wengine wako Detroit. Kuna kikundi kingine cha kuimba chini bondeni chenye watu wengi na mtoa sauti wake, na mmoja wetu akasema kwa upole kwamba huenda wakati umefika wa kufunga Kanisa la Tidmore na kuungana nao. Mwingine akasema si tununue tu filimbi ya kutolea sauti, zinauzwa.

"Filimbi," Elzie akasema, baada ya Wynell kumrudia neno hilo sikioni, "haijui nani amefiwa."

Tukakubaliana kwamba tungengoja mpaka Julai ijayo. Kama mtoa sauti hatapatikana miongoni mwetu, siku hiyo ingekuwa ya mwisho. Elzie aliinua mkono wake pamoja na wetu, wa kwanza.

Wiki ile ile Wynell alimpigia simu kaka yake hotelini huko Macon. Nilikuwa jikoni kwake nikimenya maharage, na Wynell hajawahi kujua kusema kwa sauti ndogo.

"Baba hasikii tena," akamwambia.

Sikusikia alichojibiwa.

"Anasikia kelele, sauti hasikii. Mwakani wanafunga. Ameinua mkono mwenyewe." Akangoja. "Hapana, hakuna mwingine. Yupo mmoja tu, anaishi hotelini na anavaa viatu vya ngozi ya nyoka."

Royce alikuwa akieleza jambo refu. Jumapili ile ya Julai ijayo ilikuwa imekwisha kuuzwa, uwanja mkubwa wa Atlanta, mkataba umetiwa sahihi.

"Sawa, kaka," Wynell akasema. "Nitamwambia Baba umetingwa. Hatanisikia, lakini nitamwambia."

Akaweka simu chini, akavuta kiti, akaanza kumenya maharage kwa hasira mpaka nikaogopea vidole vyake.

Ilipita miezi. Kisha Royce akapiga simu mwenyewe, mwenye furaha, akasema mambo yamekaa sawa. Meneja wake, bwana mmoja wa Atlanta aitwaye Garrick, amekubali kuuachia ule uwanja kwa sharti moja: kampuni ya sahani ilete gari lake la kurekodia pale kanisani, na ile siku ya kuimba itoke kama sahani, Royce Tidmore na ukoo wake. Royce alitia sahihi. Aliona amekuwa mwerevu. Angempa baba yake Julai, na kampuni sahani yake, na yeye angekuwa mtoa sauti kwa siku moja, kila mtu akabaki na chake. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini mwenye vidole virefu huwa haamini.

Alikuja mwezi wa nne kujifunza. Alikuwa na sauti kichwani tangu utoto, lakini kutoa sauti si kuwa na sauti. Elzie alimkalisha barazani, na kwa kuwa hakuweza kumsahihisha kwa masikio, alimfundisha kwa macho.

"Tazama shingo za kina mama wa benchi la mbele," alimwambia. "Mishipa ikitoka, umepanda. Wakianza kuinamisha kidevu, umeshuka. Ukiona wamesahau kama wana shingo, hapo hapo."

"Na besi?"

"Besi waache. Wataimba popote ulipowaweka, na watalalamika popote."

Nilikuwa nimekaa pale pale. Royce alicheka mpaka pengo likaonekana. Kisha, akiwa bado anacheka, alimwandikia baba yake kwenye karatasi kwamba Julai watakuja watu wa kurekodi. Elzie aliisoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Waje," akasema. "Wanaimba sauti gani?"

Royce alidhani mzee anatania.

Jumapili ilipofika, tulikuta magari yamepangwa kuanzia barabarani mpaka makaburini. Redio ya Birmingham ilikuwa imetangaza. Vijana wenye nywele ndefu na fulana zenye mgongo wa Royce walikuwa wamesimama kuzunguka kuta zote nne, na wengine wamejaa madirishani. Sina neno baya juu yao. Walituamkia kwa heshima, wakawapisha wazee, wakamsaidia Wynell kubeba sufuria za kuku. Nje chini ya misonobari kulikuwa na gari refu la kampuni, na waya zake zilipita mlangoni kama mizizi, na katikati ya mraba wetu, pale anaposimama mwongozaji, palisimamishwa mti wa chuma wenye vipaza sauti vinne.

Wynell ndiye aliyeitwa kuongoza wimbo wa kwanza. Alifika katikati akaukuta ule mti mahali pake. Aliutazama, akatundika mkoba wake juu yake, akafungua kitabu. Fundi wa kampuni, aliyekuwa amevaa visikilizio masikioni, aliruka kama ameumwa na nyigu, akakimbia kuuondoa mkoba.

Royce alikaa benchi la mbele la teno, mahali pa baba yake, na baba yake akakaa pembeni yake. Akakohoa. Akatazama pande nne. Akatoa sauti. Nawaambia ilikuwa pale pale panapotakiwa. Niliona shingo za kina mama zimetulia kama shingo za watu wanaoosha vyombo. Tukaimba fa na sol na la, tukaimba maneno, na kwa wakati ule mfupi niliona tumepona, Kanisa la Tidmore halifungwi tena.

Wimbo ulipokwisha, kuta zikalipuka. Vijana wale walipiga makofi na miluzi, kwa furaha ya kweli. Nao hawakujua walichofanya. Tangu babu yake Royce apigilie msumari wa mwisho, hakuna mtu aliyewahi kupiga makofi ndani ya nyumba ile. Nani ampigie nani? Watu wa mabenchini walishikwa na butwaa kama waliofunguliwa mlango wakiwa wanaoga.

Wimbo wa pili tuliuimba kidogo. Sijui neno zuri zaidi. Sauti zilikuwepo, lakini kila mtu alikuwa akijisikiliza mwenyewe, na wengine wakitazama viatu vyao. Makofi yakapigwa tena, zaidi. Wimbo wa tatu ulikuwa umeharibika kabla ya kuanza. Hata Royce alipotoa sauti, aliitoa tamu, ya kupendeza, ya jukwaani, na shingo za kina mama zikakaza.

Hapo fundi aliingia akanyata mpaka kwa Royce. Alisema kwa adabu kwamba makofi yamegonga mwisho wa nyimbo, kwa hiyo anaomba zirudiwe zote tatu. Na kama haitakuwa taabu, mabenchi ya alto yageuzwe kidogo, maana wale kina mama wanaviimbia vipaza sauti kisogoni.

Elzie hakusikia neno hata moja, lakini aliona mkono wa fundi ukionyesha mabenchi yageuzwe vipi. Akainama, akachukua kofia yake chini ya benchi. Kwetu kofia haichukuliwi mpaka sala ya mwisho. Akanigeukia mimi, kwa kuwa besi tulikuwa ubavuni mwake.

"Hobart," akasema, na kwa kuwa hasikii alidhani ananong'ona, "nafikiri tumeshafunga."

Nyumba nzima ilisikia. Royce alikuwa amekaa hatua moja tu kutoka kwake. Aliitazama ile kofia mkononi mwa baba yake kwa muda, kisha akasimama, akamwambia fundi azime mashine.

"Iko kwenye mkataba, bwana Royce."

"Najua iko. Nimetia sahihi mimi. Zima."

Akaung'oa ule mti wa chuma, akautoa nje kwa mikono yake mwenyewe, waya zikimfuata. Aliporudi alisimama katikati ya mraba, na kama kawaida yake akazunguka polepole, lakini safari hii aliongea na wale wa ukutani.

"Nashukuru kwa kuja," akasema. "Kosa si lenu, mimi ndiye niliyewaalika vibaya. Humu ndani hakuna wasikilizaji. Hakujawahi kuwa nao. Anayetaka kuimba, mabenchi haya yana nafasi kuliko tunavyopenda. Kina dada wenye sauti za juu, pale. Za chini, kwa dada yangu Wynell, na msimwogope, anauma wachache tu. Wanaume teno hapa kwangu. Asiyejua ana sauti gani aende kwa mjomba Hobart. Na asiyetaka kuimba, kuku yuko nje, ale ashibe, aende salama. Hatutamchukia."

Wengi walitoka. Nisidanganye, zaidi ya nusu walitoka, na kuku wakapungua sana. Lakini waliobaki walijaza mabenchi ambayo sikuwa nimeyaona yamejaa tangu vita vya pili vya dunia. Kijana mmoja mwenye nywele za kufika mabegani alijibana kando yangu, akaniuliza hizi pembetatu ni nini. Nikamwambia ni fa. Akauliza fa ndiyo nini. Nikamwambia ni hiyo atakayonisikia nikiipigia kelele, na yeye apige pale pale.

Royce alikaa. Alikohoa, akatazama pande nne, na nilimwona akifungua mdomo kisha akaufunga. Wasichana wale wa soprano walikuwa wameshika vitabu kama trei za glasi. Hawakuwahi kuimba hivi maishani mwao, na walikuwa na hofu. Royce akashusha sauti, akaiweka chini ya pale ilipokuwa asubuhi, mahali ambapo mtu mwenye hofu angeweza kuifikia. Tukaingia.

Ilikuwa mbaya sana na ilikuwa kubwa sana. Fa zilipotea, la zilikuja zimechelewa, na yule kijana wangu alipiga kelele mahali pasipo na noti yoyote. Lakini hakuna aliyetazama kiatu chake. Wimbo ulipofika ubeti wa mwisho, mbao za sakafu zilikuwa zikitetemeka miguuni mwetu, na zilitetemeka miguuni mwa Elzie pia. Alikuwa ameegemea mbele akitazama shingo za benchi la soprano, moja baada ya nyingine. Kisha akairudisha kofia chini ya benchi.

Tulipomaliza hapakuwa na makofi. Elzie alimgusa mwanawe gotini.

"Chini kidogo," akamwambia. "Lakini kwa hawa, sawa."

Tuliimba mpaka jioni. Kabla ya sala ya mwisho mwenyekiti aliuliza kuhusu Julai ijayo, na mjadala pekee uliokuwapo ulikuwa juu ya nani ataleta paja la nguruwe.

Kampuni haikuchelewa. Kesho yake asubuhi Garrick alipiga simu nyumbani kwa Elzie, na ilikuwa dhahiri kwamba Royce alikuwa amevunja mkataba mbele ya mashahidi. Ama aimbe upya kwa ajili ya sahani, na safari hii watu wakae wanapoambiwa, ama aandike kwamba amekataa, na wao wataamua kama bado wanawataka Nyumbu Wekundu. Royce alimpigia Dub kwanza, kwa sababu mkate wa Dub ulikuwa katika jambo lile pia. Alirudi mezani akatuambia jibu la Dub: yeye amezoea kumtazama Royce usoni tangu Gadsden, na katika umri wake hana nguvu ya kuzoea sura nyingine.

Basi Royce akaandika. Alijaza kurasa tatu, akanisogezea nizipitie. Nilikuwa nimesoma masomo ya jioni baada ya zamu kiwandani, miaka mingi, na barua za kikazi nilikuwa nazifahamu. Nikamwonyesha kwamba ukurasa wa kwanza ulikuwa hasira na wa pili ulikuwa maelezo ambayo hakuulizwa. Akaiandika upya kwa ukurasa mmoja. Alisema hakutakuwa na sahani ya Kanisa la Tidmore, wala sasa wala baadaye. Alisema atalipa hasara yote ambayo mkataba unamdai. Alisema Jumapili ya pili ya Julai haiuzwi tena, kwa mwaka wowote, kwa uwanja wowote. Siku nyingine zote yeye ni mfanyakazi wao na wamweke watakapo. Wakiona hawawezi kumtaka hivyo, wamwache kwa amani.

Elzie alinyoosha mkono, akapewa. Aliisoma polepole, akafuata mistari kwa kidole.

"Mbona hujawakaribisha?" akauliza.

Royce hakuelewa. Akamsemea sikioni, "Nani, Baba?"

"Hao wa kampuni. Waambie waje Julai. Soprano bado tumepungukiwa."

Royce alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Nilimwambia kwa maoni yangu barua ya kikazi haidhuriki na mwaliko, mradi uwe mfupi. Akachukua kalamu, akauongeza chini ya jina lake. Akaikunja barua mara mbili, akaitia katika bahasha, akailamba, akaigandamiza juu ya meza kwa ngumi, kisha akaenda nayo mwenyewe hadi barabarani, kwenye sanduku la posta la Elzie, akaitia ndani na kuinua kibendera chekundu cha kumsimamisha tarishi. Alisubiri pale pale, mikono mifukoni, mpaka gari la posta likaja na vumbi lake, likaichukua, likaendelea kushuka mlima.